Asali ya Eringeti

Mpendwa Baba Masika,

Mvua ya wiki hii imenirudishia fangasi katikati ya vidole vya miguu, palepale pa zamani. Binti yetu Masika amenitumia pomadi ya dawa kutoka Lubero alikoolewa, na kwenye simu ameniagiza kama mtoto: nioshe, nikaushe, nipake. Nikaitikia. Sikumwambia kwamba mgongo haunifikishi tena kwenye vidole, na kwamba nyumba nzima hii ya Bulengera, hapa Butembo, haina mtu wa kunishika mguu.

Wewe ulikuwa unaushika. Unakumbuka tulivyofika Butembo, baada ya kukimbia bunduki Eringeti na kutembea siku nyingi kwenye matope, mimi ndani ya mabuti ya mpira bila soksi? Nilipoyavua, ngozi ilibaki ndani. Ulinikalisha kwenye kiti, ukasimamisha kila mguu wa kiti ndani ya kopo la sadini lenye maji, ili sisimizi wasipande. Ukanikausha vidole kimoja kimoja kwa kipande cha kitenge, ndipo ukapaka asali. Majirani walinicheka, malkia na kiti chake. Nilijifanya nimekasirika, kumbe nilipenda sana.

Chupa ya asali tuliyokimbia nayo ilipoisha, nikanunua nyingine sokoni kimyakimya, nikijiona mjanja. Mke wa mfuga nyuki, kununua asali sokoni. Baada ya siku chache muwasho ukazidi. Ukaionja ile asali kwa ncha ya kidole.

"Hii haiko asali, Mama Masika. Balichemsha sukari. Uko unalisha ile ugonjwa."

Ukasema mizinga yako bado iko kule Eringeti, utaenda na kurudi. Watu walishasema barabara ya kupita Beni kwenda huko si salama. Ulinitazama, ukasubiri nikukataze. Mimi, miguu ikiniwaka, nikakujibu: "Uende tu. Lakini usikawie."

Ilirudi chupa. Jirani yetu wa Eringeti ndiye aliyeileta, chupa ya bia iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Alisema ulimkabidhi, ukarudi kwenye mzinga wa mwisho, na siku hiyohiyo askari wakaingia kijijini. Hakuna aliyekuona tena. Nilipaka asali yako kama ulivyonifundisha, na miguu ikapona. Niliona aibu kupona.

Chini ya chupa imebaki asali ya kimo cha vidole viwili, imeganda. Jana niliweka makopo ya maji chini ya kiti, nikakaa, nikaishika chupa mpaka mvua ikakatika. Sikuifungua. Nikapaka pomadi ya Masika kwa kijiti nilichokifunga kitambaa, nikavikosa vidole vingine.

Nimechoka kukaa peke yangu na maneno yale niliyokujibu. Ungekuwa mbele yangu sasa, umeshika ile chupa ya sokoni, ungali unanitazama na kusubiri, ningekuambia hii ya sukari inatosha.

Mke wako, bado kwenye kiti,
Mama Masika