Hiari ya Shomari

Mtani wangu Shomari,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuulizana hali. Wewe nikikuuliza hali, jibu lako nalijua, kwa hiyo tulipite hilo. Mimi mzima. Bado nasimama mlangoni palepale Al Sadd, hapahapa Doha, na sare ileile inayonibana kwapani, nawafungulia watu wasioniona. Kiyoyozi cha mlangoni kimekufa. Na wewe umekufa, lakini kiyoyozi angalau kilitoa taarifa, kilikoroma wiki nzima. Wewe uliniambia "tutaonana Ijumaa," ukaenda zako Jumatano.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu siku ile. Kwetu sisi, Mnyamwezi hamziki Mzaramo kimyakimya. Ni mtani wake. Nilitakiwa niingie kaburini nigome kutoka, nivae nguo zako nitembee ule mwendo wako wa bata, niwatangazie waombolezaji kwamba leo, kwa mara ya kwanza, Mzaramo amewahi mahali. Lakini mji huu unaujua. Hospitali, karatasi, mhuri, khalas, imekwisha. Kabla ya alasiri tulikuwa tumeshakufukia, na nusu ya waliosimama pale hawakukujua, wangeniona mwendawazimu. Nikanyamaza. Nikarudi lindoni na utani wako wote tumboni, na mwezi wa saba huu haujashuka. Kwa hiyo vumilia, mwingine utaupata humuhumu.

Habari kubwa ni ya Mwajuma. Mwanao anamaliza shule mwaka huu, shule ileile uliyokuwa ukiiendeshea basi wakampokea kwa ajili yako. Anaomba vyuo. Na vyuo, mtani, vimeleta neno. Vinasema kuna mitihani ya somo mojamoja, biolojia, hesabu, kemia na ndugu zake. Anayetaka afanye, asiyetaka aache. Ni hiari.

Wewe na hiari! Ukutani kwako Al Wukair bado ipo ile karatasi uliyoandika kwa mkono wako, HIARI YASHINDA UTUMWA. Na chini ya karatasi hiyohiyo ulimsajili mtoto katika kila kilichoitwa hiari. Kuogelea, akanywa nusu ya bwawa. Kusoma shairi la Kiarabu mbele ya wazazi, akasahau mstari wa pili, akatoa salamu akaketi. Klabu ya bustani, Shomari, bustani, huku jangwani! Mwalimu akakwambia taratibu kwamba si lazima, nawe ukamjibu: "Nimeelewa, mwalimu. Anaanza lini?"

Sikulaumu. Neno hilo wewe na mimi tulilijifunzia kazini. Mudiri, bosi wetu, akitangaza kwamba Ijumaa kuna kazi ya ziada na ni optional, yaani hiari, anayemwamini hujikuta wiki inayofuata yuko Lusail saa saba mchana, peke yake, analinda mchanga.

Kwa hiyo Mwajuma aliponiandikia, "Baba mdogo, nifanye au nisifanye?" nilimjibu hapohapo: fanya yote. Hata sikuuliza mitihani gani. Mimi, niliyetoka kidato cha nne na ziro yangu mkononi! Nikaona nitafute maoni ya pili, nikamuuliza Wekesa, yule Mkenya ninayelinda naye. Akatikisa kichwa kama daktari. "Mzae, hiyo ni mtego. Wakisema optional wanakucheki tu. Mwambie afanye zote." Basi tukawa wataalamu wawili tumekubaliana, na chuo tunakijua kwa kukilindia geti.

Ijumaa, baada ya sala, nikaenda kwako kula. Shemeji bado anapika wali wa watu wanne. Nikadhani nimeitwa kupongezwa kwa ushauri wangu, kumbe nimeingia kwenye msiba mwingine.

Mwajuma amekonda. Fomu ilikuwa mezani, inafungwa Jumapili, na imejazwa somo moja tu: biolojia. Nikamuuliza jaribio la biolojia la shuleni alipata ngapi, akatazama sahani. Nikamuuliza la hesabu, akaniambia mwalimu aliomba daftari lake akawaonyeshe wengine. Mtoto anataka uhandisi, mtani. Anataka kujua treni za mji huu zinakwendaje bila dereva, jambo ambalo nadhani lingekuudhi. Na mwalimu wake alishamweleza kwamba mtihani huu ni wa kujiongezea sifa, kwamba chuo hicho anachokitaka kinaona kila ulichofanya, na alama mbaya itamsindikiza mpaka mlangoni. Mimi na Wekesa tulikuwa tunamsukuma shimoni kwa mikono minne.

Shemeji akasema neno moja tu: "Baba yake alisema daktari." Akalisema ameweka kiganja juu ya fomu, kama anayezuia isipeperuke. Ulisema kweli. Ulisema kwenye basi, msikitini, dukani kwa Mhindi. Ulikuwa unamwita Daktari Mwajuma tangu ana pengo la meno ya mbele.

Nikamfuata mtoto jikoni, nikijifanya natafuta pilipili. Akaniambia bila kunitazama: "Baba mdogo, nikiiacha biolojia ni kama namzika baba mara ya pili."

Shomari, nilitaka kulia. Badala yake nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, kwa sababu kuna siri ulinifunga nayo miaka kumi na moja, na nikaona sasa siri hiyo inamla mtoto. Ndugu wa damu asingeweza kuitoa. Mtani anaweza, ndiyo kazi yake.

Nikarudi sebuleni. Nikaitungua kofia yako nyeupe ya darizi kwenye msumari, nikaivaa. Shemeji akashtuka. Nikatembea mwendo wako, tumbo mbele, miguu ikitazama Mashariki na Magharibi. Nikawaambia: mtazameni marehemu, baba wa daktari, siku ya kupimwa damu, wiki yetu ya kwanza Doha. Mstari mrefu, sote tumekunja mikono ya mashati. Marehemu anajisifu kwamba kwao hawaogopi kitu. Nikapiga hatua. Nikanyoosha shingo kumchungulia yule Mnepali wa mbele anavyochomwa. Halafu nikaanguka, puu, juu ya zulia lako, na kofia ikaviringika mpaka chini ya kochi.

Hata zamu yako haikuwa imefika! Ulizimia kwa sindano ya mtu mwingine! Nikawaeleza jinsi nilivyokubeba mgongoni, mtu nisiyemjua, mpaka kwenye benchi. Ulipofumbua macho ukaniuliza, "Wewe kabila gani?" Nikakwambia Mnyamwezi. Ukasema, "Ndiyo maana. Wapagazi nyinyi, mizigo mnaijua." Halafu ukanishika shati ukaniapisha kwamba jambo hilo litaishia pale.

Nikiwa bado chini nikajisemea, Maganga, leo umefukuzwa nyumba hii. Kisha shemeji akasema polepole, kama anayepiga hesabu: "Kumbe ndiyo maana kila kuku alichinjiwa na jirani."

Akaanza kucheka. Mtani, alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka ikawa kilio, na kilio kikarudi kicheko. "Muongo mkubwa yule! Aliniambia kisu kinamkumbusha marehemu babu yake!" Mwajuma alikuwa ameshika mlango wa jikoni, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Tangu tukuzike sikuwa nimeona meno ya mtoto yule.

Alipotulia akauliza, "Kwa hiyo baba alitaka niwe daktari kwa sababu yeye aliogopa?" Nikamjibu sijui. Kweli sijui. Labda uliona kwamba mtu asiyeogopa damu ndiye mtu mkubwa kuliko wote duniani, ukataka awe mwanao. Ninachojua ni kwamba wewe uliyeuogopa hivyo mstari ule usingemlazimisha mwanao asimame humo, na hata dokta mwenyewe siku ile alikuruhusu ukae.

Shemeji alikuwa amerudi mezani, kiganja kilekile juu ya fomu; akakiondoa. Akakiweka mapajani.

Mwajuma akaifuta biolojia, akaandika hesabu. Nikadhani tumemaliza, nikarudi kwenye wali wangu. Akafikiri kidogo, akaongeza fizikia. Mama yake akauliza, "Na hiyo nayo ni lazima?" Akajibu, "Si lazima, mama. Naitaka." Nikainua macho nikatazama ile karatasi yako ukutani. Hongera, mtani. Imechukua muda, lakini imeeleweka nyumbani kwako.

Basi siri yako nimeitoa, na sikuombi radhi. Sasa wanaijua na Wekesa anaijua, na anauliza kama ni kweli Wazaramo wote huanguka au ulikuwa wewe tu. Nimemwambia nafanya utafiti.

Ila moja sikuwaambia, nakwambia wewe. Nimekubeba mara mbili. Mara ya kwanza ulizinduka ukanitania. Mara ya pili, siku ile ya mazishi, nilikuwa mbele upande wa kulia wa jeneza, na nakuapia nilikuwa natega sikio. Nilisubiri useme kitu kuhusu mizigo. Nimekukumbuka sana, Shomari. Sikudhani mtu aweza kumkumbuka hivi mtu aliyemtukana kila siku.

Lala, Mzaramo, huko hakuna sindano. Mtihani ni Jumamosi asubuhi, Lusail. Nimebadilishana zamu na Wekesa, nitampeleka mtoto mwenyewe, na begi lake nitalibeba mimi, kisha nitamsubiri nje mpaka atoke. Hivyo nakuahidi, kwa mtihani huu na kwa ile itakayofuata. Shemeji ameniambia si lazima niende.

Najua si lazima.

Mpagazi wako,
Maganga