Nilivyofuta Vumbi Kwenye Diski

Shoga, tegua kitendawili hiki: pacha wawili wamekariri maneno yaleyale; mmoja akifa, mwenzake anamfundisha mgeni.

Ni zile diski mbili zenye sauti za marehemu mume wangu!

Moja ilikufa. Leo mjukuu wangu wa kike, yule fundi kompyuta, kaweka mpya, kubwa zaidi, inanakili kutoka ile nzima. Akaniambia, "Bibi, usiguse mpaka imalize."

Nikagusa! Nikaichomoa ile nzima nifute vumbi. Vumbi, shoga! Ikaniponyoka, paa, sakafuni.

Nikamuuliza, "Babu yako bado yumo?"

Anabonyeza tu.

"Mke mwenzangu, nakuuliza, yumo?"

Akabonyeza tena, mwishowe akasema, "Imepona rekodi moja tu, bibi. Ile ambamo babu anakuita, anakuita, na wewe huitiki."