Wafo za Asubuhi ya Harusi ya Zuhura

Kwako Mama, mavyaa wangu mpenzi,

Asubuhi hii nimepika wafo, nikakukumbuka mpaka nikaacha moja ikaungua. Watoto wamekula kimya kimya, na wewe wawajua watoto wetu, wakinyamaza ujue chakula kimewakolea. Nimeona bora nikuandikie, ijapokuwa uliko barua haifiki.

Wakumbuka siku mwanao Mbaraka alipokileta kile chuma? Alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja kule Kizingo, na yule bwana alipohama akamwachia. Kilikuwa kizito, kina mikono miwili, kinafunguka na kufungika kama kitabu, na ndani kimechorwa miraba. Mbaraka alitueleza kuwa Wazungu humimina uji wa unga humo, wakala mkate wake asubuhi, ndizo hizi wafo. Ulikitazama, ukasema, "Mkate wa kubanwa kwa chuma? Kiweke mbali na jiko langu." Kikakaa uvunguni mwa kitanda changu mwaka mzima.

Mahamri yako mtaa wetu mzima wa Ndia Kuu uliyajua. Yangu yalitoka magumu, nawe ukiyachagua na kuyaweka kando bila ya kunambia kitu. Afadhali ungenigombeza. Hata jina langu hukulitaja. Nilikuwa "mke wa Mbaraka" tu.

Kisha ikaja harusi ya Zuhura, kitinda mimba wako. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa waje kunywa chai kwetu asubuhi. Donge la mahamri lilikuwa limeumuka vizuri, mbaazi za nazi ziko tayari. Ukageuka kuchukua mwiko, mguu wako ukalipiga debe la mafuta, yote yakamwagika sakafuni. Zilikuwa siku za vita. Mafuta hayakupatikana hata kwa jirani. Ulikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ukashika kichwa. Sikuwahi kukuona vile.

"Watanicheka," ulisema. "Watasema nimemuoza mwanangu kwa chai kavu."

Nikakwambia polepole, "Mama, kile chuma hakitaki mafuta mengi. Samli kidogo tu ya kupaka."

Ukainuka juu ya mbuzi. "Kilete basi."

Nikalilegeza donge lako kwa tui na mayai, nikaongeza iliki. Wafo ya kwanza iliganda, tukaibandua vipande vipande. Wewe ndiwe uliyeshika kipepeo, ukapepea makaa huku jasho likikutoka. Ya pili ikatoka nzima, kavu nje, laini ndani, na jiko zima likanukia. Ukamega kipembe, ukatafuna, ukasema, "Ongeza makaa."

Vile vishimo vya miraba vilishika tui la mbaazi kama vikombe vidogo, na wageni wakawa wanainamia sahani zao kama watoto. Shangazi yake bwana harusi alikula tatu, kisha akauliza nani kapika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Nilidhani utasema ni wewe, nami ningeridhika.

"Mwanangu Rukia," ulisema. "Mimi nilipepea tu."

Tangu hapo kila Ijumaa asubuhi majirani walileta unga wao na mayai yao tuwapikie. Mahamri hukuyaacha, lakini ulizeeka ukizipenda wafo kuliko tulivyozipenda sisi sote, na meno yalipokwisha ukazichovya kwenye chai.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Asubuhi ile ya harusi nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa furushini. Nilikuwa nimeazimia, wageni wakishaondoka, nirudi kwetu Kibokoni nisikanyage tena hapa. Walipoondoka uliniita tule pamoja zile wafo mbili zilizosalia, ukanimiminia chai kwa mkono wako. Tulipomaliza nikaenda chumbani, nikafungua furushi, nikatundika kanzu zangu moja moja. Hata Mbaraka hajui.

Pumzika, Mama, na uniwie radhi kwa kukuficha.

Mkaza mwanao,
Rukia