Camionnette Yenye Kukosa Pumzi

Butembo, Kimemi, mwezi wa tano 2003

Yaya Solange, dada yangu mukubwa mupendwa,

Mbele ya habari yote, pokea salamu yangu, ya Emérence bibi yangu, na ya batoto. Sisi tuko bazima. Na wewe? Mama miguu ingali inamuuma? Batoto bako banalala, ao bunduki inabaamusha? Kila mutu anayetoka huko kwenu Kirumba ananiambia basoda banasogea, na hiyo njo inanisumbua roho.

Yaya, mudogo wako ni mutu wa bahati. Vile nilikuandikia, niko na camionnette yangu mwenyewe, Toyota nyekundu yenye kunywa mazout, na tiyo mupya, bomba ya kuvutia hewa, yenye ilitoka Dubai, inapanda kando ya kioo sawa shingo ya twiga. Hapa Kimemi hakuna mwingine mwenye nayo. Hata bapasteur banageuka kuangalia. Mimi mwenye kufika Kampala na Kisangani, mwenye kuacha masomo juu mwalimu aliona ninajua mingi, nakuambia: tiyo ile ni kitu.

Najua uliniomba nikuje kuwachukua huko, wewe, mama na batoto, na niliapa nitafika. Unajiuliza mbona sijafika. Donc, sikiliza ugonjwa wa motere ya ile gari.

Tangu tiyo ya Dubai iliwekwa, gari ilikuwa inatembea muzuri ku barabara ya sawasawa. Mais ikianza kupanda mulima, inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi, inakohoa sawa muzee wa tumbako. Unasimama, unafungua capot, kifuniko ya motere: hakuna kitu. Tulibadilisha filtre. Tulichuja mazout na kitenge ya Emérence, na ile siku sikupewa chakula. Edmond, fundi jirani yetu, ule mwenye kuimba sauti ya chini ku kanisa, alisema ni pompe ya kusukuma mazout. Akaifungua, akaisafisha, akaifunga. Tukapanda tena, moshi ule ule. Mutu mwingine akasema gari imerogwa na mwenye wivu. Hiyo ilinifurahisha kidogo, juu mutu mudogo hakuna wa kumuonea wivu.

Mais kichwa yangu haikutulia. Niliondoa tiyo yote, nikapanda bila tiyo: gari ikaruka sawa mbuzi. Basi ugonjwa uko ku tiyo. Nikaangalia ndani na tochi: safi. Nikaweka mukono ku mudomo yake, motere inanguruma polepole: inavuta hewa muzuri. Sasa ile hewa inapotelea wapi, na wakati gani? Hata ku ibada nilikuwa natafuta jibu, pasteur akifikiri ninalilia zambi zangu.

Kisha nikafahamu: siku zote tunaangalia wakati gari imesimama, na ugonjwa unaikamata wakati wa kupanda. Tukaondoa capot. Edmond akashika volant, akaendesha, mimi nikakaa juu ya ubavu wa mbele, nimekumbatia tiyo, uso ku motere. Bamama ba soko balicheka mupaka balisahau kuuza. Katikati ya mulima nikaona. Tiyo ya Dubai ilikuwa fupi, haikufika ku motere. Mwenye kuiweka aliunganisha na kipande cha mupira, chambre à air ya gurudumu ya lori. Motere ikivuta kwa nguvu, ule mupira unaingia ndani, unajifunga kabisa, sawa mashavu ya mutoto mwenye kunyonya muwa. Edmond akasimamisha gari: mupira ukajaa tena, ukakaa hapo bila aibu, sawa haukufanya kitu. Nilicheka peke yangu mupaka machozi.

Dawa? Nilipasua fotei yetu ya kukalia, nikatoa ressort moja, ile chuma ya kujizungusha, nikaiingiza ndani ya mupira, iushikilie usijifunge. Tukapanda mulima ule ule bila kukohoa, bila moshi.

Na kuanzia hapa, Yaya, maneno inakuwa nzito. Nilikuwa nawaza nitakuja nayo Kirumba, nikisema ni kujaribu motere. Mais siku ileile Gérard, mufanya biashara wa hapa, alikuja, akasikiliza motere, akanipiga mukono ku bega, akaingia, akaenda nayo Beni. Emérence alikuwa amesimama ku mulango. Akaniambia: "Malachie, Solange iko anangojea ile gari. Mwandikie leo, ao nitamwandikia mimi."

Ule mwenye kukupatia barua hii ni Ananie, shofere wa lori. Nimesikilizana naye: mama atakaa mbele pamoja naye, wewe na batoto juu ya magunia ya vitunguu. Pandeni leo, lori ingali inapakia. Musibebe mizigo mingi. Mimi nitakuwa nasimama ku barabara hapa Butembo, na kitanda yetu ni ya mama.

Musalimie mama sana, umushike mukono kwa ajili yangu. Mungu awachunge ku njia.

Gari haikuwa yangu, Yaya, hata siku moja. Gérard alinipatia niitengeneze tu. Usiningojee.

Mudogo wako,
Kakule Malachie