Jumamosi ya Nyangumi kwa Papa Jérôme

Jumamosi, usiku. Mvua ilianza adhuhuri na bado inachuruzika kwenye bati. Moyo wangu leo sijui niuiteje. Umechoka, lakini hautaki kulala.

Ukurasa huu niliufungua asubuhi nikiwa na hasira, nikaandika aya moja kabla umeme haujakatika. Naiacha kama ilivyo, ndiyo hii:

Wameahirisha tena! Ile filamu ya mwanamke anayepanda dhoruba kama farasi, ile niliyoililia hapa tangu mwaka jana, sasa wanasema ni mwaka ujao. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu limeshauma. Mtu akikualika chakula, ukifika anakwambia sufuria bado haijapanda motoni, huyo utamwitaje? Kuahirisha filamu ni kukosa adabu.

Basi. Hiyo ilikuwa asubuhi.

Nilitaka pia kuandika juu ya ile ya majitu ya chuma, ambayo kila mtu mtandaoni anaisifu. Nimeiona. Ni kubwa kweli, imekula pesa, imekula kompyuta, na imenichosha. Filamu kubwa za siku hizi zinapenda sana kubomoa miji. Jumba linaanguka, daraja linaanguka, watu wanakimbia huku wanapiga makelele, na sijawahi kuona hata mmoja anayebeba godoro. Hakuna anayeita mbuzi wake. Hakuna anayeuliza leo watoto watakula wapi. Mtu aliyeandika hadithi ile hajawahi kukimbia, nina hakika. Mimi nimekimbia, na jambo la kwanza ninalolikumbuka ni godoro.

Hapa mjini Bunia naangalia filamu zangu kwa Papa Jérôme. Kwa ninyi mnaonisoma kutoka mbali: ni nyumba ndefu ya matofali, madirisha yamefunikwa kitambaa cheusi, ndani kuna mabenchi yaliyotoka kanisani na televisheni moja kubwa. Filamu zinakuja kwa Kiingereza au Kifaransa. Pembeni anakaa Tonton Zebedayo na mikrofoni yake, anatufasiria kwa Kiswahili wakati filamu inaendelea, na akiona mchezaji anazubaa, anamgombeza.

Lakini kitu ambacho hamtakiona kwingine ni hiki. Bunduki zikianza katika filamu, Papa Jérôme anashusha sauti mpaka chini kabisa. Ilikuja hivi: siku moja aliacha filamu ya vita ipige kwa nguvu, na avenyu nzima, mtaa wetu wote, ikakimbia. Watu walifika mbali na magodoro kichwani kabla ya kujua kwamba wamekimbia televisheni. Tangu siku ile ni sheria. Kila filamu mpya anaiangalia kwanza peke yake saa sita, ili ajue bunduki ziko wapi, na jioni kidole chake hakitoki kwenye kitufe. Sauti ikishuka, Tonton Zebedayo anajaza kimya kwa maneno yake. Hasemi wanapigana. Anasema, "Sasa banabishana kidogo." Bomu likilipuka, "Apa banabishana sana." Nimeona vita vya dunia nzima kwa njia hiyo, vyote mabishano, na nimezoea. Nikiangalia filamu kwenye simu na sauti yake kamili, nashtuka.

Sasa niseme kilicho moyoni.

Mama yangu yuko kwangu tangu walipochoma kijiji chetu upande wa Djugu. Alifika kwa miguu, amevaa ndala za mtu mwingine. Mama huyu ndiye aliyenipa ugonjwa wa filamu. Nilipokuwa mdogo, mapadri walikuwa wakitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa parokia na kuonyesha sinema. Mama alikuwa akiuza karanga pale na kukaa mbele kabisa. Kesho yake, wakati anachambua maharagwe, anatuhadithia filamu nzima, pamoja na mambo ambayo hayakuwemo. Nilipokua nikaziona baadhi ya zile filamu kwa macho yangu, nilisikitika. Za Mama zilikuwa nzuri zaidi.

Mama aliyefika kwangu hahadithii kitu. Anakaa kwenye kiti akiangalia mlango. Kifuniko cha sufuria kikianguka, anasimama. Mimi kazi yangu ni kushona, na cherehani yangu inapokimbia inatoa sauti ambayo ninyi mnaweza kuifikiria, kwa hiyo nashona akienda kanisani, na akiwepo naizungusha kwa mkono polepole. Wateja wananinung'unikia. Siwaambii sababu.

Juma lililopita aliniambia, "Mapendo, Bunia iko na makelele mingi. Minaenda kwa kaka yako."

Kaka yangu, Yaya Gratien, ana duka kule Ariwara. Ni mtu mwema na nyumba yake ni kubwa kuliko yangu. Lakini kufika Ariwara lazima upite ile barabara, na kila mtu hapa anajua ile barabara inafanya nini. Magari yanapita siku nyingi salama, halafu siku moja hayafiki. Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Mungu iko mu barabara pia." Akafunga vitu vyake ndani ya ule mkoba wa mistari ambao watu wote waliokimbia hubebea vitu vyao, akauweka kando ya mlango. Safari ni Jumatatu.

Sikutaka aende. Naandika wazi kwa sababu kwake sikuweza kusema wazi. Niliogopa barabara, ndiyo, lakini niliogopa pia nyumba hii yenye mimi na cherehani tu.

Ndipo nikafikiria filamu. Jumamosi alasiri kwa Papa Jérôme ni saa ya akina mama, watu wazima na watoto wao, hakuna vijana wa kupiga miluzi. Na leo ilikuwa zamu ya ile filamu mpya ya nyangumi, ile ambayo picha yake ina mtoto wa kike amelaza shavu juu ya mnyama mkubwa kama kilima. Nikasema moyoni, Mama akikaa kati ya watu, akicheka mara moja tu, labda ataona Bunia si makelele peke yake.

Mlangoni nilimwuliza Papa Jérôme kama ameiangalia. Umeme ulikatika asubuhi na jenereta alikuwa anaibania petroli, kwa hiyo hakuiangalia. "Lakini ona picha," akaniambia. "Ni ya mutoto na samaki. Hamuna kitu ya mubaya ndani." Nami niliona picha, nikaamini. Sote wawili tumeona filamu nyingi kiasi cha kujua kwamba picha ya mlangoni husema uongo.

Nusu ya kwanza ilikuwa tamu. Mvua ilipiga bati, Tonton Zebedayo akapaza sauti kuishinda. Mama alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, karanga mkononi hazijaliwa. Lakini nilimchungulia. Nyangumi alipotokeza mara ya kwanza, akarusha maji mpaka angani, Mama alisema "Eee!" kwa sauti ndogo. Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia miaka mingi.

Halafu jenereta ikakohoa nje. Papa Jérôme akatoka kuitazama. Na katika filamu ikaja meli ya wawindaji, wakaelekeza bunduki majini, wakafyatua.

Kwa sauti kamili.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo wageni wasilolielewa: watu waliozoea hawapigi kelele. Mabenchi yote yalibaki matupu mara moja, sote tukawa chini, akina mama juu ya watoto wao, na filamu ikaendelea kupiga risasi juu ya vichwa vyetu bila mtu wa kuiangalia. Nami nilikuwa chini, uso kwenye vumbi, na juu yangu kulikuwa na uzito. Alikuwa Mama. Mimi ni mwanamke mzima, nimemzidi Mama kwa urefu na kwa upana, na yeye alikuwa amenifunika mwili mzima, kiwiko shingoni, kiganja kimeziba mdomo wangu. Vilevile alivyoniziba katika shamba la mtama, katika vita vya kwanza vya huku kwetu, nilipokuwa mtoto. Kiganja kilinuka karanga. Nilisikia moyo wake unagonga mgongo wangu, na ninakiri kwamba kwa kitambo kidogo, katikati ya hofu yote ile, sikutaka atoke.

Papa Jérôme akaingia mbio, sauti ikazimika. Ikabaki mvua.

Tonton Zebedayo alikuwa chini ya meza yake. Mikrofoni bado ilikuwa mkononi. Tukasikia anahema ndani ya spika, halafu sauti yake, inatetemeka, lakini ni yeye: "Ba mama... banabishana tu. Banabishana na samaki."

Mwanamke mmoja akacheka huko nyuma. Halafu wawili. Halafu nyumba nzima, tuko sakafuni, tunacheka na wengine wanalia palepale, na watoto wanatuangalia kama tumerukwa na akili. Papa Jérôme alikuwa anaomba msamaha benchi kwa benchi, mkono kifuani.

Mama hakucheka. Alisimama, akakung'uta kitenge chake, akakifunga upya. Nikajua nimeharibu kila kitu. Safari ya Jumatatu nimeisukuma mimi mwenyewe, nilijiambia, na sasa ataiona Ariwara ni karibu kama jikoni. Nikaokota mkoba wake mdogo, nikamshika mkono tutoke.

Akanivuta gauni.

"Ikala," akasema. "Ile samaki haiyakufa."

Nikakaa. Akina mama wengine nao wakarudi mabenchini mmoja mmoja. Papa Jérôme akaweka kidole kwenye kitufe na hakukitoa mpaka mwisho. Nyangumi alijeruhiwa, akazama chini kabisa, na yule mtoto akabaki juu ya mtumbwi anaita, anaita, na hapo ikaisha, kwa sababu siku hizi hakuna filamu kubwa inayokubali kuisha. Sehemu ya pili inakuja. Mama aliangalia majina yanayopanda kwenye televisheni kana kwamba mojawapo litamjibu.

Tulirudi nyumbani kwenye matope, kitenge kimoja vichwani mwetu. Njiani niliwaza Jumatatu tu. Lakini tulipofika, nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo, nikamsikia kibarazani anazungumza na jirani aliyekuja kujikinga mvua. Alikuwa anahadithia. Mikono juu, macho makubwa, maji yanaruka mpaka angani. Katika filamu ya Mama yule mtoto ana shangazi mkali anayeuza karanga, ambaye mimi sikumwona. Na wimbi kubwa lilipouangukia mji, watu walikimbia na magodoro yao.

Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikasimama nyuma ya mlango kusikiliza. Sombe iliungua kidogo. Tumeila hivyohivyo.

Baada ya kula aliomba simu yangu ampigie Yaya Gratien. Nilikaa karibu, nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

"Gratien, usiningoje hii juma," akamwambia. "Iko filme moja, minangoja mwisho yake." Sijui kaka alisema nini upande wa pili. Mama akajibu, "Hapana, mimi mzima. Ile mutoto anaita samaki yake, na samaki haiyaitika. Nitaenda vipi mbele ya kujua?"

Kisha akanirudishia simu na kwenda kulala. Nilitoka nikalia kidogo penye kuni, halafu nikarudi ndani.

Sijidanganyi. Kifuniko kimeanguka baada ya chakula, naye alisimama. Cherehani bado nitaizungusha kwa mkono. Mkoba wa mistari bado uko kando ya mlango, hajaufungua na mimi sijaugusa. Hakusema anabaki. Alisema anangoja filamu, na filamu ikija atakwenda. Na sijui kama kweli ni samaki anayemngojea, au kama aliposikia moyo wangu pale sakafuni alikumbuka kwamba mimi pia bado ni mtoto wake. Sitamwuliza. Akinijibu, huenda jibu lisinipendeze.

Umeme umerudi sasa hivi. Nimetafuta mtandaoni sehemu ya pili inatoka lini. Nimeona habari ya leo leo: wameahirisha. Wanasema picha za majini bado hazijakamilika, tarehe watatangaza.

Nimeisoma mara mbili, nikaziba mdomo kwa kiganja changu ili nisimwamshe Mama kwa kicheko.

Aya ya asubuhi siifuti, yule mwanamke wa dhoruba bado namdai adabu. Lakini ninyi mnaotengeneza nyangumi, popote mlipo, nawaomba kwa heshima zote: msikimbilie. Yale maji bado hayajakaa sawa, yatazameni tena. Ule mkia nao urudieni, hata mara kumi. Mkichoka pumzikeni, muende kwa familia zenu, mle vizuri.

Fanyeni polepole. Tunangoja, mimi na Mama.