Fremu Nane za Kuchelewa

Gungu, Kigoma
Jumatatu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako, nianze na sauti, maana ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Ko. Ni hiyo tu: nyundo ikigonga ubao. Tangu Jumanne iliyopita imekaa masikioni mwangu. Naisikia nikifua, naisikia nikiwa juu ya bodaboda, na jana niliisikia mbele ya kanisa zima. Nitakueleza ilivyofika huko.

Sasa nikujulie hali. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umempa tena jirani? Mama hajambo? Boti ya Mzee Omari mmeshaishusha majini, au bado anakuja kila asubuhi kuikagua kama mtu anayechumbia? Sisi huku tu wazima. Mdogo wangu Scola amepona homa, na hamu ya kula imemrudia yote kwa mpigo. Juzi samaki watatu, tena migebuka, walitoweka kabla sijanawa mikono. Mimi kwa upande wa afya sina neno. Najua utajiuliza kwa nini mwanao anaandika karatasi ilhali simu anayo. Sababu iko mbele. Tafadhali usiruke kurasa kama unavyofanya na magazeti.

Unajua kwamba wakati nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha fizikia, nafanya kazi dukani kwa Anatoli. Watu huleta video zao za harusi na za misiba, nami nazigeuza ziweze kuonekana kwenye TV na simu walizonazo. Mwezi uliopita kwaya yetu iliamua kutoa video ya wimbo wake mpya. Mwalimu Erasto, anayetuongoza, alinipa mimi kazi ya kusimamia picha na kuziunganisha, akisema kwaya ina msomi wa kompyuta na haina haja ya kuhangaika. Mpiga picha alikuwa Yona, kijana wa Kasingirima mwenye kamera yake mwenyewe. Kamera hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo mtumbwi wake. Hana kazi nyingine.

Kwaya zetu hufanya hivi, Baba. Wimbo hurekodiwa kwanza studio. Siku ya picha unapigwa kwa spika kubwa, na wanakwaya wanaimba wakiufuatisha, ili midomo ilingane na sauti ya studio. Tulikwenda ufukweni Kibirizi na jenereta na spika ya kanisa. Ubeti wa kwanza na wa tatu waliuimba mchangani, mbele ya spika. Ubeti wa pili waliuimba wakiwa ndani ya boti, mbali kidogo na ufuko, huku Yona akiwa amesimama nchi kavu kando ya spika na kuwavuta karibu kwa lenzi. Mama Regina, mwimbishaji wetu, ambaye hamwogopi mchungaji wala polisi, kumbe anaogopa maji. Alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili, akatangaza kwamba akizama tumzike na sare ileile, maana ameishona juzi na hajaivaa hata mara mbili. Tulicheka mpaka ubeti ukarudiwa mara tatu.

Shida zilianza dukani. Niliunganisha picha na sauti, nikaitoa video, nikampa Mwalimu Erasto aiangalie nyumbani. Akarudi amevimba: TV yake inatoa wimbo lakini kioo ni cheusi, je, tumerekodi redio? Nilimweleza kwamba nimeibana video kwa njia mpya ambayo TV yake haiijui, nikaahidi kuibana upya kwa njia ya zamani. Hakungoja. Alikwenda kwa mpwa wake, wakafuta herufi za mwisho za jina la faili na kuandika nyingine, wakiamini hivyo ndivyo video inavyogeuzwa. Nilimwambia kwa heshima zote kuwa hiyo ni sawa na kuandika "mgebuka" kwenye ndoo ya dagaa. Akasema walimu wa siku hizi wana midomo.

Nilipoibana kwa njia ya zamani, picha ikaonekana, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipojitokeza. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili, kule kwenye boti, sauti ilitangulia na midomo ikafuata nyuma. Mama Regina alikuwa anafumbua kinywa wakati neno limeshapita. Alipojiona dukani alimwita mama yake kwa Kiha, "Mawe wee! Mbona nakula upepo?" Anatoli akacheka hadi akatoka nje.

Nilijifungia na kompyuta siku nne. Video, Baba, ni picha nyingi zinazofuatana, ishirini na tano kwa sekunde moja, na kila moja huitwa fremu. Kamera ikihesabu ishirini na tano na kompyuta ikadhani ni thelathini, picha na sauti huachana. Nikarekebisha hesabu hiyo; shida ikabaki. Nikashuku sauti ya studio, kwamba ilirekodiwa kwa kipimo kingine; nikaibadilisha, shida ikabaki. Kila jaribio lilikula saa moja na nusu, na mara mbili umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika chache. Nikiivuta sauti nyuma, boti inapona na ufuko unaugua. Nikiirudisha, ufuko unapona na boti inaugua.

Jambo moja lilikuwa wazi mbele ya macho yangu na sikulitazama. Kosa la kuhesabu fremu hukua kadiri wimbo unavyokwenda, kama saa inayopoteza dakika kila siku. Hili letu halikukua. Lilianza na boti likaisha na boti. Lakini nilikuwa nimechoka, na Mwalimu Erasto alikuwa mlangoni akiuliza kosa ni la nani. Nikamjibu kuwa kamera ya Yona ni mbovu.

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu saa nne asubuhi. Kufika jioni vijana wa bodaboda pale kijiweni walikuwa wanamwita Yona "Chelewa". Akipita wanapiga makofi, kisha wanafumbua midomo baadaye.

Jumanne Anatoli alinituma Kibirizi kumpelekea mteja flashi yake. Nilimkuta fundi mmoja anapigilia mbao za boti, mbali ufukweni, upande wa pili wa ghuba ndogo. Nikasimama kumwangalia kwa sababu anashika nyundo kama wewe, mpini karibu na chuma. Nyundo ikashuka kimya. Ikaanza kupanda. Ndipo: ko.

Baba, nilirudi miaka kumi na sita nyuma, kwenye njia ya kushukia ziwani hapo Ilagala, nikiwa na bakuli la chakula chako kichwani. Nilikuuliza kwa nini nyundo yako inagonga bila sauti, na sauti inagonga bila nyundo. Ulinijibu kwamba macho yangu yamefika kazini mapema lakini sauti inakuja kwa miguu, nami nikaenda kuitafuta njiani. Wewe na mafundi wenzako mlinicheka wiki nzima. Baadaye nilijifunza mwendo wa sauti kwa namba, nikaufanyia mitihani, nikaufaulu. Na bado nilihitaji nyundo ya mtu nisiyemjua kunikumbusha.

Wanakwaya kwenye boti hawakukosea, na kamera haikukosea. Sauti ya spika iliwafikia imechelewa, nao wakaifuatisha ilipofika. Kamera, iliyokuwa kando ya spika, ilisikia wimbo palepale na ikaona midomo ikichelewa, kama ilivyochelewa kweli. Nilikimbia dukani nikahesabu: fremu nane. Karibu theluthi moja ya sekunde; sauti huenda kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde, kwa hiyo boti ilikuwa mita mia moja na tisa kutoka kwenye spika. Nikaukata ubeti wa pili peke yake, nikazivuta picha zake fremu nane mbele, nikauacha wimbo wote mahali pake. Dakika ishirini tu. Mama Regina akaacha kula upepo.

Nilisifiwa sana. Mwalimu Erasto alinishika mkono mbele ya kwaya, akasema Mungu amewapa fundi. Kisha akatangaza kwamba safari ya mkutano wa kwaya kule Kasulu tutatafuta mpiga picha mwingine, mwenye kamera isiyo na kigugumizi. Yona alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Alikunja waya wake taratibu, akautia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Nami nilinyamaza, Baba. Hiki ndicho nilichotaka ukisome kwenye karatasi. Tangu Jumanne mchana nilikuwa najua kuwa kamera ile ni nzima. Na kuna zaidi. Siku ya picha boti ilikuwa imekaa karibu, hatua chache tu kutoka mchangani. Ni mimi niliyewapungia mkono wasogee mbali, kwa kuwa sikutaka nyavu zilizoanikwa na nguo za wavuvi zionekane kwenye picha. Nikapunga, wakasogea, nikapunga tena. Yona aliniambia boti iko mbali mno, hawataisikia spika vizuri. Nilimjibu kwamba lenzi ilitengenezwa kwa ajili hiyo na kwamba yeye apige picha. Nilisema kwa ile sauti yangu unayoijua, ambayo Mama husema ingefaa kukemea mbuzi.

Alhamisi uliponipigia nilikusimulia habari ya kamera mbovu, na nikaongeza chumvi ili ucheke. Ulicheka kweli. Nikasikia ukiwasimulia mafundi wenzako palepale, nao wakacheka. Sikuwa nimewahi kukudanganya tangu siku nilipokana kuugusa ule wembe wako wa kunyolea. Nilijua nikikupigia tena nitapata njia ya kulainisha maneno, kwa sababu ukiwa kwenye simu unanihurumia haraka. Karatasi haihurumii.

Ijumaa na Jumamosi nilijipa sababu nyingi. Kwamba video imeshapona. Kwamba Yona atapata kazi nyingine. Kwamba nikisema sasa nitaharibu siku ya uzinduzi. Kila sababu ilipokwisha nilisikia ko.

Jana baada ya ibada watu walikusanyika uwanjani kwa ajili ya uzinduzi. Kabla video haijawashwa niliomba kipaza sauti. Mwalimu Erasto alidhani nataka kutoa shukrani, akanipa. Nilikuwa nimemtuma Scola kwenye goli la mbali la uwanja wa mpira, na ubao na nyundo niliyoazima kwa fundi wa Kibirizi. Nikawaomba wanakwaya wafumbe macho na kupiga makofi kila wanaposikia nyundo. Wengine wote niliwaomba wamtazame Scola. Scola akaanza, ko, ko, ko, kwa raha zote za mtoto aliyepewa ruhusa ya kupiga kelele Jumapili. Kisha nikawaambia watu waendelee kumtazama huku wakisikiliza makofi. Nyundo chini, makofi baadaye. Nyundo chini, makofi baadaye. Kwaya nzima inachelewa, na hakuna kamera. Kicheko kilianzia kwa watoto kikafika kwa mchungaji. Mama Regina akafumbua macho kutaka kujua nani anachekwa.

Nikasema basi. Kwamba kamera ya Yona haikuwa na kosa hata siku moja, kwamba aliyeisogeza boti ni mimi, kwamba yeye alinionya, na kwamba nimelijua hili siku tano nikakaa nalo. Mwalimu Erasto alikohoa, akachukua kipaza sauti, akasema Kasulu anakwenda Yona, na mwalimu wa fizikia ataombewa. Yona alikuwa kando ya TV, mikono kifuani. Hakutabasamu upesi. Alikuja akaniuliza ilikuwa mita ngapi, nikamwambia mia na tisa, akasema yeye alikisia mia na kumi. Tangu jana jioni kijiweni jina la Chelewa limekwisha. Mimi ndiye Dada Mita Mia, na nalistahili.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, uwaite walewale uliowachekesha Alhamisi uwaambie kamera ni nzima na mwanao ndiye aliyekuwa na hitilafu. Wakicheka, waache wacheke.

Msalimie Mama, mwambie kitenge chake cha sare nimeshampa fundi cherehani. Wasalimie mafundi wote na Mzee Omari pamoja na boti yake. Scola anakushika miguu na anaomba nyundo ya kwake.

Barua hii inakuja na flashi. Nimeibana video kwa njia ya zamani, hivyo TV ya dukani kwa Mwinshehe, hapo Ilagala, haitaikataa. Iangalie mpaka mwisho kabisa, baada ya wimbo, kwenye majina. Jina langu nimelitoa kwenye sehemu ya fundi. Limebaki moja: "Mpiga picha ni Yona, aliyesema mapema kwamba boti iko mbali." Asubuhi ya leo, kabla sijaanza kukuandikia, nimenakili flashi nyingine arobaini na Anatoli amezigawa zote kwa watu, hivyo hata nikitaka siwezi tena kubadilisha.

Mimi mwanao akupendaye,
Leonia