Mbwa Uliyemlea kwa Mikono

Kaka Idi mpendwa,

Kwenye simu tunaandikiana mzima, mzima, umekula, nimekula, halafu basi. Leo nimeona nikuandikie kwa kalamu, maana habari za mbwa wako haziingii kwenye meseji.

Tangu uende kusomea useremala Iringa, nyumba yetu imekuwa na kelele. Najua utacheka. Tumebaki mimi na Mama tu, na mimi ni yule yule, nikitumwa dukani nasimama pembeni mpaka muuzaji anione mwenyewe. Kelele zilikuwa za Mama kumfokea Simba. Simba shuka, Simba nyamaza, Simba toka kwenye unga wangu. Kadiri alivyofokewa ndivyo alivyozidi kuruka. Si yule mtoto tena uliyemleta kutoka Matombo ndani ya tenga la ndizi, sikio moja limekunjika. Aliangusha kamba ya nguo, akawarukia wateja wa vitumbua, na Ijumaa moja akaichana kanzu ya Mzee Shomari, jirani yetu, akiwa njiani kwenda msikitini. Mzee hakugomba. Alirudi kwake kuiosha ile najisi mara saba, mojawapo kwa udongo, na swala ikampita.

Jioni Mama akaniambia, "Sikiliza. Huyu akimgusa mtu mwingine, anarudi Matombo kwa mjomba wenu. Akafungwe mnyororo awabwekee ngedere migombani."

Nikawakumbuka mbwa wa mjomba, na shingo zao zilizonyonyoka manyoya.

Nikakumbuka na ile siku ya kushusha ndizi. Wewe ulikuwa mteremko wa ng'ambo, mimi huku na mjomba, bonde katikati yetu. Mjomba aliwaita vibarua mpaka sauti ikamkauka, upepo ukawa unaibeba tu. Mimi na wewe tulikuwa tunaongea. Uliniambia kwa mikono kwamba umeona kinyonga, kwamba una njaa, kwamba mjomba akikasirika anafanana na bata. Nikacheka, akaniuliza nacheka nini. Watu husema mimi sina maneno, Kaka. Hawajawahi kuniona nikiongea na wewe. Tangu uondoke mikono yangu imekaa bure, naoshea vyombo tu.

Nilimwomba Mama tumwite Dokta Neema wa Mafiga, daktari wa mifugo ambaye watu humwita kwa mbwa wakorofi. Alimkagua Simba kama anaumwa mahali, akauliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa, kisha akakaa juu ya ndoo akaanza kutuhoji. Anafungwa muda gani? Nani anamtembeza? Anachapwa?

Mama akatazama pembeni. "Ufagio kidogo."

"Ufagio uache, mama. Akiogopa anakuja na meno. Na hii kamba fupi kutwa nzima inamzidisha hasira."

Halafu akanigeukia mimi. Nimwite Simba, nimwambie akae. "Kwa sauti, binti."

Sauti haikutoka. Unanijua. Dokta ananitazama, Mama ananitazama, wateja wawili wa vitumbua wananitazama kupitia upenyo wa geti. Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi sikioni, vidole viwili vikakunjika, lile jina ulilompa wewe. Kisha kiganja kikashuka taratibu.

Simba akakaa.

"Umefanya nini hapo?"

"Sijafanya kitu, Dokta."

"Fanya tena."

Nikafanya tena, akakaa tena, mkia unafagia vumbi. Ndipo nikamweleza kwamba aliyemlea ni kaka yangu, na kaka yangu ni kiziwi. Dokta akacheka polepole. "Kumbe. Kelele anazisikia. Neno ndilo halioni."

"Na koo langu lote hili," Mama akasema, "nimelimaliza bure."

Nashangaa hatukukumbuka. Labda alama zako tulizikunja tukaziweka kando pamoja na godoro lako.

Simba hakubadilika siku hiyo hiyo. Dokta alitupa kazi: kamba ndefu, kutembea asubuhi ukungu haujaondoka mlimani, dagaa mmoja kila anapotii, na mtu akija nimkalishe Simba kabla hajaanza kubweka. Huwa anapita kututazama na kutukosoa. Mama naye anajifunza. "Njoo" yake inafanana na kufukuza nzi, lakini Simba anamhurumia, anakwenda.

Ijumaa iliyopita Mzee Shomari alipita, kanzu kaishika juu kwa mikono miwili kama anavuka mto. Nikakunja vidole sikioni, nikashusha kiganja. Simba akakaa, anatetemeka mwili mzima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kumbe na wewe unaongea?" Akamtazama Simba. "Huyu leo ana adabu kuliko wajukuu zangu." Akaendelea na njia yake, kanzu bado iko juu.

Mama alikuwa anageuza vitumbua. Hakuinua macho. "Haya," akasema. "Abaki."

Jambo moja sijamwambia Dokta. Juzi tulipomaliza mazoezi nilikaa na Simba uani, nikawa namsimulia mambo tu, mikono inakwenda yenyewe kama zamani. Nikataja jina lako, kile kidole juu ya nyusi, penye kovu lako. Simba akainuka, akaenda getini. Akaitazama njia ya Mwembesongo, ile uliyoondokea, mwisho akalala palepale, pua chini ya geti. Chakula chake kikapoa, kuku wakakimaliza. Sikumwita. Sikujua nikishamwita ningemwambia nini. Alama ya kukaa ninayo, ya kuja ninayo. Ya kumwambia utarudi Desemba sina.

Sasa jina lako silitaji mbele yake. Likinijia, naingia ndani, nafunga mlango, nagusa juu ya nyusi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye maneno mengi.